Weji kushoto, draiva sawa: kisa cha seti ya mtumba

Tumchukue mchezaji wa gofu wa mkono wa kulia, kimo chake sentimita 165, handikapu 19 (takriban mapigo anayozidi kiwango cha uwanja). Hucheza mara mbili kwa wiki kwenye mashimo 9 ya Mombasa Golf Club, pale kando ya bahari kwenye Barabara ya Mama Ngina, na mojamoja huvuka daraja kwenda Nyali akipata wenzake wa mashimo 18. Miezi mitano nyuma aliachana na fimbo zake kuukuu, akanunua seti ya mtumba ya vyuma, zile fimbo za kichwa chembamba cha chuma, kuanzia namba 4, iliyo ndefu, hadi weji, fimbo fupi ya mipira ya karibu. Seti nzuri, haina kutu, bei nafuu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu mrefu, na habari hiyo ilisemwa siku ya mauzo kama jambo la kupitisha muda tu.

Tangu hapo mipira yake ya chuma huenda kushoto. Weji ya mita 95 hutua mita 8 au 9 kushoto mwa bendera. Namba 9 hukosa kwa mita 7 hivi, namba 7 kwa mita 5 au 6. Namba 5 mwanzoni ilikuwa ikienda kushoto kidogo, lakini mwezi huu wa mwisho imegeuka: huanza karibu na shabaha kisha hupinda kulia. Draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, haina neno, yapiga katikati kama zamani.

Wenzake walimpa dawa kabla ya kupima. "Bwana, wauvuta mpira. Bega lakufunguka mapema." Ni ushauri ambao huwa sahihi kwa wachezaji wengi wa handikapu yake, ndiyo sababu hutolewa upesi. Akaanza kuzuia mikono isigeuke baada ya kugonga. Haikutosha, akazungusha mkono wa kushoto kwenye gripu uelekee shabaha zaidi, mpaka akiangalia chini aona fundo moja tu la vidole. Haikutosha pia, akaanza kulenga mita 6 kulia mwa bendera. Weji ikakaribia grini, namba 5 ikaharibika.

Kwa hiyo anayeletwa kwetu ana matatizo mawili, moja juu ya jingine: lile aliloanza nalo, na lile alilojitengenezea akilitibu. Ukianza na la pili utazunguka mwaka mzima.

Ngazi ya makosa

Jambo la kwanza la kusoma hapa ni namna kosa linavyopanda kutoka fimbo moja hadi nyingine, hata kabla ya kumtazama mchezaji akipiga.

Mpira huanza safari yake karibu na pale uso wa fimbo unapotazama wakati wa kugusana. Kwa vyuma, takriban robo tatu ya mwelekeo wa kuanza hutoka kwenye uso, na robo iliyobaki hutoka kwenye njia ya fimbo. Kupinda hewani ni habari nyingine: hutokana na tofauti kati ya uso na njia. Fimbo yenye lofti ndogo (lofti ni kiasi uso ulivyolala nyuma), kama namba 4 na 5 au draiva, hupindisha mpira sana tofauti hiyo ikiwepo. Weji hupindisha kidogo, kwa sababu mzunguko mwingi wa mpira wake ni wa kurudi nyuma.

Basi mtu ambaye swingi yake ndiyo mbovu huumia zaidi kwenye fimbo ndefu. Draiva yake hukimbilia vichakani huku weji ikimstahi. Mgonjwa wetu ni kinyume kabisa. Lofti ikiongezeka, kosa huongezeka. Draiva, yenye lofti ndogo kuliko fimbo hizi zote, haina kosa. Swingi haina tabia hiyo. Yenye tabia hiyo ni ulalo wa fimbo, ile pembe kati ya shafti, yaani mpini, na ardhi ambayo wacheza gofu huiita lai.

Ulalo ukisimama kupita kiasi, ncha ya kichwa cha fimbo, ile ya mbali na mchezaji, hunyanyuka na kisigino, upande wa shafti, hushuka. Kwenye fimbo isiyo na lofti, kama ingekuwepo, hilo lisingebadili mwelekeo hata kidogo, kwa kuwa uso ungezunguka tu mahali pake kama sahani ukutani. Lakini uso wa weji umelala nyuma kwa digrii 46. Ukiuinamisha upande wa kisigino, uso wote hugeuka kutazama kushoto. Jaribu nyumbani: bandika sumaku ndogo yenye kijiti kwenye uso wa weji, kijiti kikitoka mbele kwa pembe mraba, halafu nyanyua ncha. Utaona kijiti kikihama kwenda kushoto. Fanya hivyo kwa namba 4, kitahama nusu ya hapo au pungufu.

Hesabu ya karibu ni hii: digrii za ulalo uliozidi, mara tanjiti ya lofti. Ulalo ukizidi kwa digrii 3, weji ya digrii 46 hutazama kushoto kwa digrii 3.1, na kwa mita 95 hiyo ni mita 5 na kidogo. Namba 9 ya digrii 42 hutoa digrii 2.7, karibu mita 5 kwa mita 105. Namba 7 ya digrii 33 hutoa takriban digrii 1.9, kama mita 4.3 kwa mita 125. Namba 5 ya digrii 26 hutoa digrii 1.5, mita 3.7 kwa mita 145. Draiva ya digrii 10.5 hutoa nusu digrii tu, ambayo hakuna anayeiona. Tumetumia lofti zilizoandikwa. Anayefika kwenye mpira mikono ikiwa mbele hupunguza lofti ile, na kosa hupungua nayo kidogo.

Ngazi ya mgonjwa wetu inapanda kama hesabu inavyopanda. Ila tarakimu zake ni kubwa kuliko za hesabu, weji hasa, na ziada hiyo ina mwenyewe. Tutaifikia.

Dalili mbili za uwanjani, moja ya kweli na moja ya uongo

Ya uongo kwanza. Mchezaji asema kushoto kulizidi msimu wa Kusi, na atoa hoja kwamba basi ni upepo. Ni kweli kwamba Kusi ikivuma kutoka kusini-mashariki, anayepiga akielekea kaskazini-mashariki anaipokea upande wa kulia, na mpira wake husukumwa kushoto. Kaskazi ikiingia humfanyia vivyo hivyo anayeelekea kaskazini-magharibi. Lakini upepo hausukumi mpira kwenye mita 10 za mwanzo kiasi cha kuonekana. Ukitaka kujua kosa ni la upepo au la fimbo, usitazame mpira unapotua, tazama unapoondokea. Wachezaji wa pwani wana mazoea ya kusamehe kila kosa kwa jina la upepo, na hapa mazoea hayo yamekula miezi miwili.

Ya kweli aliiona kedi wake, mbeba fimbo. "Mzee, mpira ukiwa chini ya miguu yako, hii weji yaenda sawa." Hilo ni la kupigiwa mstari. Kila mchezaji anajua kwamba mpira ulio juu ya usawa wa miguu huenda kushoto na ulio chini huenda kulia. Sababu ni ileile ya ulalo, mteremko ukinyanyua ncha au kuishusha. Mtu ambaye shoti yake hunyooka pale tu mpira unapokuwa chini ya miguu ana fimbo inayohitaji mteremko ili ikae sawa. Kedi ametoa uchunguzi bila kugusa kifaa.

Kupima

Vipimo vifanywe asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujapanda, na vifanywe juu ya majani. Zulia la mazoezi huficha kila tunachokitafuta: kisigino hakizami, hakuna divoti (shimo linalochimbwa na fimbo majanini), na fimbo huteleza kana kwamba mambo ni mazuri.

Kabla ya shoti ya kwanza, mchezaji arudishe gripu yake ya zamani, yaani namna yake ya kushika. Mkono wa kushoto uonyeshe mafundo mawili hadi mawili na nusu akitazama chini, na zile herufi V zinazofanywa na kidole gumba na cha shahada zielekee kati ya kidevu na bega la kulia. Ukipima ukiwa na gripu ya kujitibu, utapima dawa na ugonjwa kwa pamoja.

Laza ufito mmoja chini, sambamba na mstari wa shabaha, wa kupangia miguu. Chomeka wa pili wima ardhini mita 4 mbele ya mpira, juu ya mstari wenyewe wa shabaha, mfupi wa kutosha mpira upite juu yake. Kwa umbali huo digrii 3 ni sentimita 21, kama upana wa mipira mitano, na jicho la anayesimama nyuma halihitaji mtambo kuona. Mipira 10 ya weji, 10 ya namba 7, 10 ya namba 5. Kwa kila mmoja andika mambo matatu: ulipita upande gani wa ufito, ulipinda au haukupinda, na divoti inaelekea wapi.

Mgonjwa wetu: weji 9 kati ya 10 zilipita kushoto mwa ufito, zikaendelea hapohapo bila kupinda. Divoti zilielekea shabaha. Hapo mashtaka ya bega kufunguka yanaanguka. Anayevuta mpira kwa swingi huchimba divoti inayoelekea kushoto pamoja na mpira wake. Tahadhari moja: divoti huchimbwa baada ya mpira kuondoka, fimbo ikiwa tayari inaanza kuzunguka kurudi ndani, kwa hiyo divoti inayoelekea kushoto kidogo ni ya kawaida na haimfungi mtu. Inayosema kitu ni ile iliyokwenda kushoto waziwazi.

Chuchumaa uitazame divoti yenyewe. Zake zina kina upande wa kisigino na karibu hazina kitu upande wa ncha, kama jembe lililolazwa upande. Zikiwa hivyo shoti moja au mbili, ardhi yenyewe huenda imeinama. Zikiwa hivyo 7 kati ya 10 mahali palipo tambarare, fimbo inafika kisigino kikitangulia.

Kipimo kinachoamua ni cha mstari. Chora mstari mnene juu ya mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, ile inayofutika. Weka mpira mstari ukitazama uso wa fimbo, umesimama wima kama timazi. Piga, kisha tazama alama iliyoachwa usoni. Ulalo ukiwa sawa, alama hukata mifereji ya uso kwa pembe mraba. Ulalo uliosimama mno huacha alama ambayo juu yake imeinamia ncha. Uliolala mno huiinamisha kwenye kisigino. Watu wengi hukosea hapa kwa haraka: alama ina urefu wa sentimita 2 hivi, na digrii 3 kwenye sentimita 2 ni milimita moja tu. Usiamue kwa jicho. Piga picha ya uso kwa simu, simu ikiwa sambamba nao, ikuze, pima pembe dhidi ya mifereji. Rudia mara 5 kwa kila fimbo na uchukue wastani, maana mpira ulioinama kidogo wakati wa kuwekwa hutoa jibu lake wenyewe.

Wengine hutumia ubao: kipande cha plaiwudi cha milimita 6 chini ya mpira na fimbo, utepe wa gundi kwenye wayo wa fimbo, na alama ya mkwaruzo husomwa imeangukia wapi. Alama upande wa kisigino ni ulalo uliosimama. Hufaa kuthibitisha, lakini tunauamini kidogo kuliko mstari, kwa sababu mchezaji akiona ubao huogopa kuupiga na hunyanyua mikono, na mikono ikipanda ncha hushuka. Pia fimbo zenye wayo wa mviringo husogeza alama zaidi kuliko zenye wayo bapa.

Halafu kile kipimo ambacho watu hukiruka. Piga weji 10 mpira ukiwa juu ya tii, kile kijiti cha kuuwekea, sentimita 2 kutoka ardhini, bila fimbo kugusa udongo. Mgonjwa wetu alipofanya hivyo, kosa lilishuka kutoka mita 8 na nusu hadi 5 kasoro. Ndiyo ile ziada. Mita 5 kasoro ni za jiometri ya uso, karibu na hesabu yetu. Nyingine zaidi ya 3 ni za ardhi: kisigino kikitangulia kuzama, hukamatwa, ncha huendelea mbele, na uso hufunga. Ardhi ikiwa kavu na ngumu kabla ya mvua za masika, hukamata zaidi. Hii ndiyo inayofanya kosa la weji libadilike kutoka shoti moja hadi nyingine kwa mchezaji huyohuyo, na kumfanya ashuku mikono yake.

Fimbo mezani

Mpime aliyesimama, mpime fimbo yake. Urefu wa fimbo hupimwa ikiwa imekaa kwenye ulalo wake, kutoka ardhini nyuma ya kisigino, kando ya shafti, hadi ukingo wa kofia ya gripu. Namba 7 ya kawaida ya wanaume, yenye shafti ya chuma, huwa inchi 37, sentimita 94. Yake ni sentimita 95.3. Nusu inchi imeongezwa. Gripu ilipovuliwa, kiungio cha plastiki kilionekana kwenye mdomo wa shafti.

Kwenye mashine ya kupimia, ulalo wa namba 7 ulisoma digrii 64 na nusu, ambapo wa kiwandani kwa fimbo ya aina hii huwa karibu na 62 na nusu. Fimbo nyingine zote zilikuwa zimezidi kwa digrii 2 vilevile. Mwenyewe wa kwanza, kwa kimo chake, alifanyiwa kazi safi. Tatizo ni kwamba kazi hiyo ilikuwa yake.

Digrii 2 si 3, na alama ya mstari ilisema 3. Tofauti ni ule urefu: nusu inchi ikiongezwa, fimbo hucheza kana kwamba imesimama digrii 1 zaidi, kwa sababu mikono hubaki kimo kilekile, shafti ndefu hulala zaidi, na ncha hunyanyuka. Digrii 2 za kukunjwa na 1 ya urefu, jumla 3. Hapa ndipo fundi asiye makini hukosea akakunja digrii 3 zote na kuacha urefu ulivyo. Mpira utanyooka, lakini mtu wa sentimita 165 atabaki na fimbo ndefu, atasimama mbali, na ataanza kugonga kwa kisigino.

Matengenezo

Kwanza ondoa viungio vyote, shafti zirudi urefu wa kiwandani. Digrii 1 inarudi bure. Kwa kuwa gripu lazima zivuliwe, huu ndio wakati wa kuweka mpya. Utepe wa gundi pande mbili juu ya shafti, tapentaini ndani ya gripu na juu ya utepe, sukuma kwa mkupuo mmoja, nyoosha alama, acha usiku kucha. Kwa joto na jasho la Mombasa, gripu zenye nyuzi za kamba ndani yake hushika vizuri kuliko za mpira laini. Gripu inayoteleza humfanya mtu akaze vidole, na vidole vilivyokazwa vina makosa yao.

Uzito wa fimbo mkononi pia hubadilika. Kukata nusu inchi kwa kawaida hupunguza uzito wa swingi kwa pointi 3, na kila pointi hurudishwa kwa gramu 2 za utepe wa risasi nyuma ya kichwa. Kwa seti hii hatuongezi kitu: kinachoondolewa ni kile kilichoongezwa, basi uzito unarudi ulikotoka. Ingekuwa shafti za urefu wa kiwandani ndizo zinakatwa, gramu 6 zingehitajika.

Kisha zile digrii 2 zilizobaki. Hizi hukunjwa kwenye mashine inayobana kichwa na kupima lofti na ulalo kwa pamoja, kwa mkono wa chuma unaoshika shingo ya fimbo. Swali la kwanza kwa fundi liwe la madini. Vyuma vilivyofuliwa kwa nyundo ni laini na hukunjika bila tabu. Vilivyomiminwa kwenye kalibu, vya chuma kisichoshika kutu, ni vigumu. Digrii 2 ndiyo mipaka ya busara kwa vingi, na vingine havikunjiki kabisa. Seti hii ni ya kumiminwa, tena imekwisha kukunjwa mara moja kwenda upande mwingine. Shingo inayokunjwa mbele na nyuma huchoka. Fundi aende nusu digrii kwa nusu digrii, apime kila mara, na mwenyewe akubali tangu mwanzo kwamba fimbo moja yaweza kuvunjika. Ikifika digrii 1 na nusu na shingo imeanza kukataa, aache. Nusu digrii kwenye weji ya mita 95 ni chini ya mita moja, na hakuna mchezaji wa handikapu 19 anayepoteza usingizi kwa hiyo.

Lofti ipimwe kabla na baada, kwa kila fimbo. Mkono wa mashine ukishikwa vibaya hukunja ulalo na lofti pamoja, na unarudi uwanjani namba 8 na 9 zikienda umbali mmoja.

Kwa fundi wa jua kali, mwenye bomba na jiliwa, usipeleke. Wala usikubali moto kwenye shingo. Gundi inayoshika shafti hulegea, na kichwa chaweza kukutangulia kwenye fairwei. Kama mashine haipatikani karibu, seti isafiri Nairobi kwa basi au treni.

Kilichobaki kwa mchezaji

Fimbo zikirudi, yule anayelenga mita 6 kulia na kuzuia mikono bado yupo. Wiki ya kwanza mipira itaenda kulia, na atasema fundi ameharibu. Hajaharibu.

Ufito wa miguu usiondoke chini kwa wiki mbili. Mwili uliozoea kulenga kulia huona mstari ulionyooka kama umeelekea kushoto, na hakuna hoja inayoweza kulishinda jicho ila fito yenyewe. Chomeka tii mbili mita 3 mbele, zikiachana sentimita 25, na mpira upite kati. Kwa umbali huo kila digrii ni sentimita 5, kwa hiyo lango hilo linamruhusu kukosea digrii 2 kila upande, kipimo cha haki kwa weji na cha ukali kidogo kwa namba 5. Mipira 60 kwa kikao, vikao vitatu kwa wiki, 40 ikiwa ya weji na namba 9, 20 ya namba 5.

Namba 5 ipewe subira ya pekee. Kupinda kwake kulia hakukutokana na fimbo. Kulitokana na gripu dhaifu na mikono iliyozuiwa, uso ukabaki wazi kuliko njia. Gripu ikirudi kwenye mafundo mawili, iliyobaki ni kuacha mkono wa kulia uvuke wa kushoto baada ya kugonga. Piga nusu swingi, mikono ikikomea usawa wa nyonga kila upande, na fimbo ikikoma mbele ncha yake itazame juu. Ikikoma uso ukiangalia angani, bado unazuia. Mpira wa namba 5 uwe upana wa mipira miwili mbele ya katikati ya miguu, wa weji uwe katikati. Wengi wenye kosa la kulia huurudisha nyuma wakidhani wanasaidia.

Kama vipimo vingesema vingine, dawa ingekuwa nyingine. Alama ya mstari ikisimama mraba na divoti zikaelekea kushoto, wenzake wangekuwa wamesema kweli: hapo angalia mabega wakati wa kujipanga na mpira uliowekwa mbele mno, kabla ya kugusa swingi. Mpira ukianza sawa kisha ukapinda kushoto, ni gripu yenye nguvu kupita kiasi au njia inayotoka ndani sana. Ukianza kulia bila kupinda na alama ikaegemea kisigino, geuza kila tulichosema: fimbo imelala mno au ni fupi, ncha ndiyo inayochimba. Mchezaji wa mkono wa kushoto ageuze pande zote.

Baada ya wiki tatu rudia kipimo cha mstari kwa weji na namba 7, mipira 5 kila moja. Alama zikikata mifereji mraba na weji ikaendelea kutua mita 2 au 3 kulia, usirudi kwa fundi. Laza ufito chini, simama kama kawaida, kisha mwite kedi aangalie vidole vya miguu yako vinaelekea wapi.